Namba za watu ni amana: hotuba kwa wanavikoba, Tanga

(Hotuba hii ilitolewa kwenye mkutano wa mwaka wa vikundi vya kuweka na kukopa, jijini Tanga. Imewekwa hapa yote kwa ajili ya wanachama waliokuwa safarini au msibani. Picha zilizoonyeshwa ukutani zimeachwa.)

Mheshimiwa Mwenyekiti, mgeni rasmi, Afisa Maendeleo ya Jamii, viongozi wa vikundi, baba zangu, mama zangu, dada zangu, na vijana mliokaa kule nyuma karibu na soketi za kuchajia. Asalaam aleikum! Tumsifu Yesu Kristo! Bwana asifiwe!

Ahsanteni sana. Wengi mnanifahamu kama fundi simu. Nimewabadilishia vioo, nimewafungulia simu zilizoingia kwenye ndoo za maji, na wengine bado tunadaiana. Leo Mwenyekiti ameniambia nije bila bisibisi, nije na maneno tu.

Nianze na swali. Nani humu ndani hajawahi kupata meseji ya "ile hela itume kwenye namba hii"? Nyoosha mkono. Sioni mkono. Haya, nani aliyeituma hela? Hapo pia sioni mkono, ingawa nina mashaka na meza moja.

Tapeli huyo tumeshamzoea. Tunamcheka, tunamjibu majibu ya ovyo, tunaendelea na shughuli zetu. Sikuja kumzungumzia yeye. Nimekuja kumzungumzia mwingine, mwenye adabu zake. Huyu anabisha hodi. Anatokea kwenye kioo cha simu yako, anakuuliza kwa heshima kama utairuhusu programu hii iyaone majina na namba zako. Nasi tunafanya nini? Tunabonyeza Ruhusu. Anauliza meseji: Ruhusu. Anauliza picha: Ruhusu. Anauliza mahali ulipo, kamera, maikrofoni: Ruhusu, Ruhusu, Ruhusu. Hatusomi, maana tuna haraka na kile tulichokifuata.

Nina jambo moja tu la kuwaambia leo. Ruhusa unayoitoa kwenye simu yako si yako peke yako. Unawatolea na wenzako, na wenzako hawajaulizwa.

Niwape kisa. Mteja wangu mmoja, mama muuza vitenge, simtaji, na hayupo humu, msiangaliane. Alikuja dukani akataka nimbadilishie namba. Nikamwambia, mama, hilo si la fundi, nenda kwa wakala wa laini. Akasema basi nifutie simu nzima. Nikamuuliza kulikoni. Akanipa simu nisome mwenyewe.

Alikuwa amekopa kwenye programu ya simu shilingi 50,000. Zikaingia 35,000, zilizobaki wakaziita ada. Ndani ya siku 7 arudishe 50,000 kamili. Akachelewa siku moja. Asubuhi ya siku ya pili mkwe wake akapata meseji. Mwalimu mkuu wa shule ya mwanawe akapata. Shekhe wa mtaani akapata. Mwanamume anayemletea mzigo kutoka Dar es Salaam kwa mali kauli, yeye naye akapata. Wote maneno yaleyale: mjulishe fulani alipe deni lake haraka, amekuweka wewe kuwa mdhamini wake, asipolipa hatua zitachukuliwa.

Mdhamini! Nyinyi wa vikoba mnajua mdhamini ni nani. Ni mtu aliyekaa kwenye kikao, akaulizwa mbele ya wenzake, akakubali kwa mdomo wake na kusaini kwenye daftari. Yule mkwe alikuwa shambani Muheza, hajui hata kama kuna mikopo ya simu. Akapigwa jina la udhamini na mtu asiyemjua, kwa deni asilolijua.

Namba walizipata wapi? Hawakuvunja mlango. Aliwapa mwenyewe siku ile ya kupakua, kwa kubonyeza kitufe kimoja. Programu ikanakili namba zote zilizomo na kuzipeleka kwenye kompyuta za kampuni, kazi ya sekunde chache. Na hili nalisema polepole kwa sababu kila mtu ananiuliza: kuifuta programu hakurudishi namba zilizokwisha kwenda. Kuifuta programu hakurudishi namba. Kunazuia zisiende nyingine, basi.

Tena namba ndiyo ndogo. Tazameni tunavyoandika majina kwenye simu zetu. Mkwe Muheza. Mama Kikoba. Fundi Choo. Mdeni Saruji. Baba Ashura Usipokee. Mnacheka, lakini hizo ndizo namba zetu. Dokta Presha. Na kuna mtu, mjini kwetu hapahapa au kokote, ameandika Nesi CTC. Mnaijua CTC, ile kliniki ya wanaoishi na VVU, sina haja ya kufafanua zaidi hadharani. Mtu huyo hajamwambia hata dada yake wa tumbo moja. Programu ya mkopo ameshaiambia.

Na meseji je? Meseji zetu ndilo daftari letu la fedha. Kila hela ikiingia, kila ikitoka, salio lako jipya ni kiasi gani, umetoa kwa wakala gani, saa ngapi. Programu za mikopo zimekuwa zikizisoma kwa makusudi, ili zipime kama unakopesheka na unaweza kubanwa kiasi gani. Humohumo ndimo benki zinamotuma zile namba za siri za kuthibitisha. Anayesoma meseji zako anajua siku kikoba chenu kinapogawana hela kabla mume wako hajajua. Sijui kama nimekosea kulitaja hilo mbele ya akina baba.

Wenzetu wa Kenya walitutangulia kwenye shida hii, kwa kuwa mikopo ya simu ilishika kasi kule mapema. Programu zikawa nyingi, malalamiko yakawa mengi. Sheria yao ya kulinda data ni ya mwaka 2019, na ofisi ya Kamishna wa Data iliyoundwa kwa sheria hiyo ikaanza kutoza faini. Septemba 2023 iliitoza kampuni ya Mulla Pride, yenye programu za KeCredit na Faircash, shilingi za Kenya 2,975,000. Kosa lake? Ilitumia majina na namba ilizozipata kwa watu wengine, ikatuma meseji za vitisho na kupiga simu. Sikilizeni vizuri hapo: kwa watu wengine. Mlalamikaji hakuwapa namba yake. Ilitoka kwa mtu mwingine. Mwaka huohuo kampuni nyingine ya mikopo, Whitepath, ilitozwa shilingi 5,000,000.

Google nao wakashtuka. Aprili 2023 walitangaza kwamba kuanzia tarehe 31 Mei mwaka ule programu za mikopo binafsi kwenye Play Store zisiguse tena majina ya simuni wala picha. Kwa hiyo leo programu ya mkopo ikikuomba namba za watu wako, tayari imevunja kanuni ya duka ilikotoka. Usikae kujadiliana nayo. Na ikiwa imekuja kwa linki ya WhatsApp, ikakutaka ulegeze ulinzi wa simu ndipo iingie, basi hata dukani haikupita. Hapa kwetu, Novemba 2024, Benki Kuu ilitoa orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zinakopesha bila leseni. Mikopo ya namna hii wananchi walikwishaipa jina lake, kausha damu, na jina halijakosea.

Sasa, sanduku la kikoba lina kufuli ngapi? Tatu. Funguo zinakaa kwa watu wangapi? Watatu. Kwa nini? Mbona mweka hazina ni mtu mwaminifu, mmemchagua wenyewe? Ni kwa sababu kilichomo ndani ni cha wote, hakifunguliwi kwa hamu ya mmoja. Orodha ya majina iliyomo kwenye simu yako ni ya wote vilevile, ila kufuli yake ni kidole chako kimoja, tena kikiwa na haraka.

Mtu ataniambia, fundi, hayo ni ya matapeli wa mikopo, mimi sikopi kwenye simu, mimi natumia makampuni makubwa yanayojulikana. Vizuri. Twende kwa wakubwa.

Mwaka 2018 dunia nzima ilisikia jina la Cambridge Analytica, kampuni ya Uingereza ya kampeni za siasa iliyokuja kuzipata taarifa za watu wa Facebook. Kisa kilianza na jaribio la kujipima tabia kwenye Facebook, maswali ya kujifurahisha. Watu kama 270,000 hivi waliiweka programu ile na kuiruhusu. Mia mbili sabini elfu. Facebook wenyewe walipokuja kuhesabu waliopitiwa, wakasema huenda walifika milioni 87. Inawezekanaje? Aliyekubali alitoa taarifa zake pamoja na za marafiki zake. Facebook ya wakati ule iliruhusu hivyo. Rafiki hakujibu swali hata moja, hakubonyeza chochote, alikuwa amelala. Mwaka 2019 Facebook ikakubali kulipa dola bilioni 5 kwa Tume ya Biashara ya Marekani. Na msidhani ni mambo ya mbali: wakuu wa Cambridge Analytica walirekodiwa kwa siri na televisheni ya Channel 4 ya Uingereza wakijigamba jinsi walivyofanya kazi kwenye kampeni za uchaguzi wa Kenya, 2013 na 2017.

Mnaona? Mkopo wa shilingi 50,000 na kampuni kubwa ya California, mwendo ni uleule. Mmoja anakubali, wengi wanachukuliwa.

Niwape na kingine, na hiki naomba ndugu zangu Waislamu mkisikilize kwa utulivu, maana kinatugusa. Nani anatumia programu ya kumuonyesha nyakati za swala na kibla? Naona mikono mingi, na wangu ukiwemo. Programu hiyo inahitaji kujua uko wapi, sivyo? Huwezi kuonyeshwa kibla kama simu haijui umesimama wapi. Kwa hiyo ruhusa ile ni halali. Inaombwa kwa haki na inatolewa kwa haki.

Novemba 2020 waandishi wa Motherboard, gazeti la mtandaoni la Marekani, waliandika kuwa programu ya Muslim Pro, iliyokuwa imepakuliwa mara zaidi ya milioni 90 duniani, ilikuwa inapeleka taarifa za mahali walipo watumiaji kwa kampuni iitwayo X-Mode. Hiyo kazi yake ilikuwa kukusanya taarifa za mahali kutoka programu nyingi tofauti na kuziuza. Na miongoni mwa wanunuzi wake walikuwemo wakandarasi wa jeshi la Marekani. Muslim Pro walikanusha kuliuzia jeshi, wakatangaza kuvunja uhusiano na X-Mode. Januari 2024 Tume ya Biashara ya Marekani ikaipiga kampuni hiyo, iliyokwisha badili jina kuwa Outlogic, marufuku ya kuuza taarifa za watu kwenye maeneo nyeti: hospitali, nyumba za ibada na mengineyo.

Kisa hiki ndicho kilichonifanya nibadili namna ninavyowashauri wateja. Zamani nilikuwa nasema: jiulize kama programu inaihitaji kweli ruhusa inayoiomba. Tochi haihitaji kujua uliko, kikokotoo hakihitaji kamera. Na ni kweli. Mwaka 2013 tume hiyohiyo ya Marekani ilimbana mtengenezaji wa programu ya tochi, Brightest Flashlight, iliyokuwa ikizipelekea kampuni za matangazo mahali mtu alipo. Iliwaonyesha watu masharti wakubali au wakatae, na huku ilikwisha anza kupeleka kabla hawajajibu. Tochi! Lakini swali la haja halitoshi. Kibla ina haja. Swali la pili ni: inahitaji kiasi gani, na kwa muda gani? Ili ujue adhuhuri inaingia saa ngapi Tanga, inatosha programu ijue kuwa uko Tanga. Haihitaji kujua uko Ngamiani, barabara ya ngapi, nyumba ya nani, na umeingia saa ngapi usiku. Programu nyingi za swala zinakubali uchague mji wako kwa mkono, na mahali ukapazima kabisa. Mimi nimefanya hivyo, na swala haijanipita kwa sababu hiyo. Ikinipita, sababu ni nyingine.

Kuna swali ninaloulizwa kila siku na nalijibu hapa mara moja. Fundi, ni kweli Facebook inatusikiliza? Nilizungumza habari za friji, jioni nikaona tangazo la friji! Jamani, wenyewe wanakanusha, na watafiti wa Chuo Kikuu cha Northeastern, Marekani, mwaka 2018 walizichunguza programu zaidi ya 17,000 za Android wakitafuta ushahidi wa maikrofoni kufunguliwa kisirisiri na sauti kupelekwa. Hawakuupata. Walichokikuta ni baadhi ya programu kurekodi yanayoonekana kwenye skrini na kuyapeleka kwa watu wengine, jambo ambalo hakuna aliyekuwa analiulizia. Rai yangu mimi ni hii: hawana shida ya kukusikiliza. Wanajua uliingia duka lipi, ulitafuta nini kwenye intaneti, na jirani yako uliyekaa naye amenunua nini. Tunaogopa sikio, na huku tumeshatoa daftari.

Kuhusu Google nitasema kidogo tu. Agosti 2018 shirika la habari la AP lilionyesha kwamba hata ukizima kumbukumbu za mahali kwenye akaunti yako, Google iliendelea kuhifadhi uliko kupitia swichi nyingine iliyo sehemu nyingine ya mipangilio, yenye jina ambalo halitaji mahali kabisa. Novemba 2022 ikakubali kuyalipa majimbo 40 ya Marekani dola milioni 391.5. Ninachotaka mkishike hapo ni kwamba swichi ni mbili. Nendeni kwenye akaunti ya Google, sehemu ya data na faragha, mzime kumbukumbu za mahali, kisha mzime na ile ya shughuli za wavuti na programu. Ukizima moja ukaridhika, umezima nusu.

Sasa tufanye nini? Tutupe simu? Haiwezekani. Michango yetu iko humo, wateja wako humo, watoto walioko Oman na Dubai wanatupigia humo. Sikuja kuwatisha mrudi kwenye simu za vitufe, ingawa mzee mmoja hapa mbele ananionyesha yake kwa fahari. Mzee, hongera, lakini hata hiyo ina majina.

Toeni simu. Ndiyo, sasa hivi, hata wa nyuma. Ingieni Mipangilio, tafuteni Faragha, ndani yake mtaona mahali pa kusimamia ruhusa. Msianze na programu moja moja, mtachoka. Anzeni na aina ya ruhusa. Gusa iliyoandikwa anwani, maana yake majina na namba. Itatokea orodha ya programu zote ulizoziruhusu. Haya, someni kimoyomoyo. Kuna anayeona kibodi ya maua? Kuna anayeona mchezo wa mpira? Kuna anayeona programu ya kurembesha picha? Mchezo wa mpira unataka namba ya mkwe wako wa nini? Mnyang'anye. Gusa, chagua kutoruhusu. Simu haitaharibika. Programu ikikasirika itakuambia, na ikikasirika sana basi ujue ilikufuata kwa ajili ya hizo namba.

Kisha fanya hivyohivyo kwa meseji. Hapo muwe wakali zaidi. Programu yenyewe ya kusomea meseji, sawa. Nyingine kila moja ijieleze. Kisha maikrofoni na kamera. Wenye simu za Android 12 kupanda juu, kitone cha kijani kikitokea pembeni juu ya kioo, kuna programu inatumia kamera au maikrofoni wakati huo. Kikiwaka na hupigi picha wala huongei na mtu, tafuta ni nani.

Mahali, chagueni ile ya kuruhusu pale tu unapoitumia programu. Ile ya siku zote, mimi simpi mtu. Kuanzia Android 12 unaweza hata kuipa programu mahali pa kukadiria, ijue mtaa kwa ujumla bila kuujua mlango wako. Ukitaka ramani ya kutembelea bila kufuatwa, zipo zinazotumia OpenStreetMap, ramani ya bure inayochorwa na watu wa kujitolea, unapakua ramani nzima mara moja na kuitumia bila bando. Na ramani hiyo ina jasho la watu wetu: mradi wa Ramani Huria, ulioanza Dar es Salaam mwaka 2015, uliwapeleka wanafunzi wa vyuo na wakazi mitaani, Tandale na kwingineko, wachore mifereji na vichochoro kwa ajili ya mafuriko.

Wananiuliza, na WhatsApp? Sitawadanganya, kwangu ipo na nimeiruhusu majina, kwa kuwa vikundi vyangu vyote viko humo na nisingewajua watu kwa namba tupu. Lakini mambo ya siri kweli nayapeleka Signal, programu nyingine ya meseji. Mwaka 2016 mahakama ya Marekani iliwataka Signal watoe taarifa za watumiaji, wakatoa walichonacho: siku akaunti ilipofunguliwa na siku ya mwisho kuunganishwa. Hawakuwa na kingine cha kutoa. Mtu asiyeweka kitu hawezi kulazimishwa kukitoa.

Makatibu wa vikundi, naomba nizungumze nanyi peke yenu, wengine mtusamehe. Nyinyi ndio mnaotumiwa picha za vitambulisho vya NIDA za wanachama wote kwenye WhatsApp. Zinakaa wapi? Kwenye simu yako, kwenye picha, katikati ya picha za harusi ya shangazi. Kila programu uliyoiruhusu picha inaviona vitambulisho vya watu 30. Na simu hiyohiyo jioni anachezea mtoto, na mtoto anapakua michezo. Katibu, ukishaandika namba kwenye daftari, ifute picha. Ifute kwenye picha, ifute kwenye WhatsApp, ifute na kwenye pipa la vilivyofutwa, maana hukaa humo siku kadhaa. Na kama kikundi kina uwezo, nunueni simu moja ya kikundi isiyo na mchezo wala mkopo wala kitu kingine.

Mwisho, sheria, kwa ufupi, maana Afisa wetu anaijua kuliko mimi. Faragha iko kwenye Katiba, Ibara ya 16. Tunayo pia Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa na Rais Samia Suluhu Hassan tarehe 3 Aprili 2024. Tume inapokea malalamiko. Ukitumiwa meseji kuwa umemdhamini mtu usiyemdhamini, wewe ndiye uliyekosewa, hata kama hujawahi kukopa senti, na unaweza kulalamika. Usimgombeze ndugu yako aliyekopa kisha ukaishia hapo. Usimjibu yule mtu matusi. Piga picha ya skrini, tarehe na namba vionekane, uihifadhi. Aliyekopa naye asifute kitu kwa aibu, meseji za vitisho ndizo ushahidi wake. Deni halali alilipe, lakini kudaiwa hakumpi mtu haki ya kukutangaza kwa shekhe wala kwa padri. Na kabla ya kukopa popote angalieni kama mkopeshaji ana leseni ya Benki Kuu. Nyinyi wenyewe vikoba, watu wa kahawa na vitumbua, Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya 2018 imewaweka daraja la nne na kuwataka mjisajili. Iweje kampuni yenye programu na matangazo ikopeshe mji mzima bila karatasi?

Mheshimiwa Mwenyekiti, naona unatazama saa. Nitapokea maswali, na baada ya chakula nitakuwa kwenye meza ile chini ya mwembe kwa wanaotaka tukague simu pamoja. Makatibu waanze. Njooni na simu zenye chaji. Ila sitaki mtu aniachie simu aende kula pilau, wala asiniletee ile karatasi ya neno la siri iliyofichwa nyuma ya kava. Fungua simu mwenyewe, ishike mwenyewe, mimi nitakuelekeza kwa mdomo. Mafundi nasi tuko kwenye hotuba hii.